Kimvita na Kiunguja: Habari za Waliochunguza Kiswahili



Mtu wa Mombasa akisema "mato", na mwenziwe wa Unguja akasema "macho", wanataja kitu kimoja. Walakini atakaye kuandika kitabu cha skuli hana budi kuchagua, na uchaguzi huo uliwatia wengine uchungu.

Dr. Krapf, Mjerumani wa chama cha C.M.S., alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa ilimwua mkewe, na binti yao mchanga akafuata. Hata hivyo hakuondoka. Aliwauliza wenyeji neno baada ya neno, na mwaka wa 1850 sarufi yake ilipigwa chapa huko Tübingen. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka wa 1882, naye amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Huko Cape Town, Dr. Bleek alilinganisha lugha nyingi kwa vipande vya mwanzo wa maneno, kama m- na wa- katika mtu na watu. Akaona ni za ukoo mmoja, na katika kitabu chake cha mwaka 1862 akaziita Bantu.

Krapf alifuata Kimvita. Edward Steere, ambaye baadaye alifanywa askofu, alifuata Kiunguja katika kitabu chake cha mwaka 1870. Basi njia zikawa mbili. Wala isidhaniwe kwamba kazi ilikuwa ya wageni peke yao: Mwalimu Sikujua wa Mombasa ndiye aliyemkusanyia Padre Taylor mashairi ya Muyaka, ambayo pengine yangalipotea.

Shauri lilikatwa mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe. Kiunguja kikachaguliwa, kwa sababu misafara ilikuwa imekwisha kukieneza bara. Wamisionari wa Mombasa walikitetea sana Kimvita, na hoja yao haikuwa dhaifu, maana lugha ile ilikuwa na hazina kubwa ya mashairi. Mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka mwaka wa 1939.

Skuli zikafuata Kiunguja. Washairi wa Mombasa hawakufuata: mwaka wa 1966 mashairi ya Ahmad Nassir yalipigwa chapa Marekani, kwa Kimvita chake.