Tusiulize Tena "Kwani Alifanya Nini?"

Maneno haya yalitolewa katika baraza la wazazi na vijana wa mtaa, Mombasa.

Wazazi wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti. Sitawaweka sana. Nina jambo moja tu.

Nianze na kisa cha jirani yangu. Mamake kijana amenipa ruhusa nikisimulie, lakini jina silitaji na kituo sikitaji, kwa sababu malalamiko yamepelekwa na bado yanachunguzwa.

Kijana ana miaka 19. Saa tatu usiku katumwa mkate na maziwa. Kutoka kwao hadi dukani hata dakika tano hazifiki. Wakati wa kurudi akavuka barabara, gari la polisi likasimama mbele yake. "Unatoka wapi?" Akasema, "Dukani, afande." "Kitambulisho?" Akasema, "Nimekiacha nyumbani, ni pale penye taa," akanyoosha mkono kuonyesha. Huo mkono ndio uliomponza. Alipigwa kofi, akaulizwa anamnyooshea nani mkono. Kofi la pili likampata sikioni. Kisha wakamwambia aende. Hakukamatwa, hakushtakiwa, hakuandikwa popote. Mkate ulibaki barabarani. Hospitali walisema kiwambo cha sikio kimepasuka.

Asubuhi yake tukaenda kumpa mama pole. Kila aliyeingia, akishamaliza salamu, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Kwani alifanya nini?" Na mimi nililiuliza. Naona haya kuwaambia, lakini nililiuliza. Kijana amejiinamia tu. Alipoulizwa mara ya nne au ya tano akajibu, "Nilivuka barabara."

Jamani, swali hilo ndilo lililonileta hapa leo. Tukiuliza "alifanya nini," tunakuwa tushakubali kwamba kuna jibu ambalo lingefanya kile kipigo kiwe sawa. Angekuwa amefanya hiki, basi kofi ni halali yake. Angekuwa amefanya kile, basi hata rungu. Sasa hebu tuiangalie sheria yetu wenyewe, tuone kama kuna jibu la namna hiyo.

Tuseme kijana alikosa kweli. Tuseme alivuka mahali pasipofaa, au alimjibu askari kwa ukali. Haya, apelekwe mahakamani, hakimu ndiye ahukumu. Lakini je, hakimu mwenyewe anaweza kuamuru achapwe? Hawezi! Adhabu ya viboko iliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 2003. Wazee hapa wanakumbuka, zamani mtu alikuwa anahukumiwa kifungo na viboko juu. Hiyo ishapita. Leo hata jaji wa Mahakama ya Juu, pamoja na ukubwa wake wote, akikuta mtu ana hatia ya kosa kubwa kabisa, hana uwezo wa kuamuru apigwe kiboko kimoja. Sasa kama jaji hana uwezo huo, askari wa doria pembeni ya barabara kaupata wapi?

Kwa hivyo lile kofi si adhabu. Hakuna sheria iliyoliweka. Ni shambulio, na aliyelifanya ni mtu aliyevaa sare ya serikali.

Mtaniambia, lakini polisi wanaruhusiwa kutumia nguvu. Ni kweli, sikatai. Kuna majambazi wenye mapanga, na kuna askari waliouawa kazini. Lakini nguvu ina kipimo, na kipimo kimeandikwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina sehemu inaitwa Jedwali la Sita. Inasema askari aanze kila mara kwa njia isiyo ya nguvu. Nguvu itumike pale tu njia hizo zimeshindwa, au hakuna matumaini kwamba zitafaulu. Na ikitumika, ilingane na mambo matatu: lengo linalotafutwa, uzito wa kosa, na jinsi mtu alivyokaidi.

Pimeni wenyewe. Lengo lilikuwa kumjua kijana ni nani. Kosa, tukilipa jina kubwa, ni kuvuka barabara bila kitambulisho mfukoni. Ukaidi ni nini? Kuonyesha nyumba yao ilipo. Nguvu inayolingana na hayo matatu ni sufuri.

Jedwali hilo hilo linasema mtu akiumia, askari waliopo wahakikishe anapata matibabu, na jamaa zake wajulishwe. Linasema askari aliyetumia nguvu aripoti kwa mkubwa wake na aeleze kwa nini. Linasema askari mwenye sare awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Na linasema kwamba kuamriwa na mkubwa si kisingizio. Yote haya yameandikwa, si maneno ya wanaharakati.

Sasa, kwa nini nawasumbua kwa kofi moja? Kwa sababu tunajua mambo haya yanafika wapi tukiyanyamazia.

Mnakumbuka Likoni, tarehe 27 Machi 2020. Siku ya kwanza ya kafyu. Watu wametoka kazini, wanakimbilia feri wawahi nyumbani kabla ya saa moja. Kafyu yenyewe ilikuwa haijaanza! Wakarushiwa vitoa machozi na kupigwa marungu, wake kwa waume. Kosa lao ni kwamba walikuwa wengi na feri ni ile ile. Siku chache baadaye Rais mwenyewe aliomba radhi kwa yale polisi waliyoyafanya. Na mwezi wa Aprili Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu ni halali, lakini kutumia nguvu kupita kiasi kuitekeleza ni kinyume cha Katiba. Yaani mahakama ilisema hivi: hata mtu akivunja sheria iliyo halali, kumpiga si halali.

Kisha Kianjokoma, kule Embu, Agosti 2021. Ndugu wawili wa tumbo moja, wanafunzi, mmoja miaka 22 na mwingine 19. Walishikwa usiku kwa kosa la kafyu. Waliokwenda kuwatafuta waliwapata mochari. Polisi walidai vijana waliruka kutoka kwenye gari. Askari sita walishtakiwa kwa mauaji. Vijana wale hawakuwa wa Pwani, hawakuwa wa dini yetu, na mama yao alilia kilio kile kile ambacho mama yeyote hapa angelia. Kafyu ni kosa dogo. Halikuwahi kuwa kosa la kufa mtu.

Kwa hivyo nawaomba tubadilishe swali. Kijana akirudi nyumbani ameumia, tusimuulize alifanya nini. Tumuulize: Ilikuwa saa ngapi? Mahali gani hasa? Gari lilikuwa na nambari gani? Uliona jina au nambari kifuani? Nani mwingine alikuwapo? Umeumia wapi? Majibu yaandikwe usiku ule ule, maana asubuhi watu washaanza kusahau.

Hospitali iwe ya kwanza. Kisha ripoti iandikwe kituoni kwenye OB, mchukue nambari, na mchukue fomu ya P3 ijazwe na daktari. Ikiwa kituo ndicho hicho kilichompiga na mnaogopa, nendeni kituo kingine mkiwa wengi, msimtume mama peke yake. Na malalamiko yapelekwe IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kazi yake ni hiyo.

Vijana, na nyinyi sikilizeni. Ukisimamishwa, simama. Usikimbie. Mikono ionekane. Jibu kwa adabu, hata ukiona umeonewa. Usimguse askari na usivutane naye barabarani, hapo utaumia bure. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa umeshikwa kwa nini, kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Na kuna kipengele kidogo ambacho wengi hatukijui: mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Zile kesi ndogo ndogo za barabarani, nyingi ziko hapo.

Mabinti na kina mama, mwanamke akilazimika kupekuliwa, anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuheshimu sitara yake. Hivyo ndivyo sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inavyosema. Mwombeni askari mwanamke aitwe, kwa sauti ya upole na bila kutetemeka.

Na kama kuna askari hapa, au mzazi wa askari, na najua wapo, sisi si maadui. Tunataka doria, maana wizi uko na watoto wetu ndio wanaoibiwa simu. Lakini kijana aliyepigwa kofi leo, kesho akimwona mwizi atakuja kukwambia? Hatakuja. Atakaa kimya, na wewe utabaki gizani pamoja na sisi.

Namalizia. Jana nilipita kwa jirani. Sikio linapona polepole, alhamdulillahi, ingawa ukimwita kutoka upande huo hasikii vizuri. Mamake ameniambia kitu kimoja tu kinachomuuma sasa. Tangu siku ile, kila akimtuma dukani usiku, kijana anakwenda bila kubisha, lakini kwanza anarudi chumbani kuchukua kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na barua ya shule. Karatasi tatu mfukoni za kununulia mkate.

Ndugu zangu, mtoto asiende dukani kwao kama anayevuka mpaka wa nchi. Na tukimpokea ameumia, tusiwe wa kwanza kumshtaki.