Wakiomba Kwenda Peke Yao

Msikilizaji, sikukuu inakaribia, na kijana wako wa miaka 13 ameshaomba: yeye na wenzake wazunguke wenyewe kwenye bustani ya michezo ya maji pale Kunduchi, Dar es Salaam, bila mzazi kuwafuata nyuma. Usikimbilie kukataa, wala kukubali. Kwenye bustani za Disney kule Florida, Marekani, asiyefika miaka 14 haingii bila kuongozana na aliyefika umri huo. Lakini umri pekee hautoshi.

Swali la kwanza ni hili: anajua kuogelea? Shirika la Afya Duniani linataja kuzama maji miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wa miaka 5 hadi 14. Na anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo unapigania pumzi, mikono inashindwa kupunga. Mwenzake aliye hatua chache tu anaweza asitambue. Kwa hiyo asiyejua kuogelea abaki kwenye maji ya kina kifupi, mtu mzima akiwa karibu. Hapo mimi sioni mjadala.

Anayejua, mwache azunguke, nawe uwe ndani ya bustani hiyohiyo. Wasiachane. Kubalianeni saa na mahali pa kukutana, maana simu haiingii majini. Namba yako aikariri. Mwonyeshe waokoaji walipo. Na mwambie waziwazi: mtu akimshikashika au kumwita pembeni, akatae, apige kelele, aje kwako, hatagombezwa. Tanzania na Kenya, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.