Mizani Iliyofichwa: Majengo ya Biashara na Haki ya Kujua



Mwenye duka akimpunja mteja kwa mizani, sote tunakiri kwamba ametenda dhuluma. Lakini mwenye jengo akimpangisha mfanyabiashara mdogo, akamficha kwamba jengo hilo linatumia nishati nyingi kupita yale yanayofanana nalo, ni wachache kati yetu wanaoiona dhuluma hiyo. Gharama humwangukia mpangaji, naye hakupewa nafasi ya kuchagua akiwa anajua.

Jiji la New York, nchini Marekani, limejitahidi kuiweka mizani hiyo hadharani. Sheria yake namba 84 ya mwaka 2009 iliwataka wenye majengo yanayozidi futi za mraba 50,000 kutoa kila mwaka hesabu ya nishati na maji yaliyotumika. Mwaka 2016 kiwango hicho kilishushwa hadi futi 25,000. Hesabu hizo hutangazwa ili kila mtu azisome. Jengo hulinganishwa na mengine ya aina yake nchini, likapewa alama kati ya 1 na 100. Lenye 50 liko katikati. Tangu mwaka 2020 matokeo hubandikwa mlangoni kwa herufi: A kwa alama 85 na zaidi, D kwa alama zilizo chini ya 55, na F kwa asiyeleta hesabu.

Tunausifu utaratibu huu, kwa maana umempa mpangaji macho. Hata hivyo, kujua ugonjwa si kupona. Herufi D haizibi dirisha linalopitisha baridi, wala haibadilishi mtambo chakavu wa kupashia joto. Tena asiyeleta hesabu hutozwa dola 500 kwa kila robo ya mwaka. Kwa mwenye ghorofa refu, hicho ni kiasi kidogo sana. Ndiyo sababu jiji lilitunga Sheria namba 97 ya mwaka 2019, inayoweka kikomo cha hewa ukaa kuanzia mwaka 2024. Kila tani inayozidi kikomo hutozwa dola 268.

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa macho. Adhabu hiyo italipwa na nani? Mwenye jengo aweza kuihamishia katika kodi ya pango, na yule tuliyetaka kumkinga akawa ndiye anayeadhibiwa.

Basi, kwa kila mji unaotaka kufuata njia hii, tunasihi mambo matatu. Kwanza, kampuni za umeme na gesi zitoe hesabu ya jengo zima, ili pasiwepo kisingizio. Pili, wenye majengo madogo wasaidiwe kwa ushauri na mikopo kabla ya kutozwa faini. Tatu, mkataba wa pango utaje waziwazi nani atagharimia matengenezo, na nani atafaidi akiba itakayopatikana.

Ndugu zetu, kupima ni mwanzo wa haki. Mwisho wake ni pale mzigo unapobebwa na yule aliye na uwezo wa kuupunguza.