Pampu ya Kukamulia Maziwa: Uombe Ipi, Uache Ipi

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

Karibu kwenye kipindi chetu cha mama na mtoto hapa Nyarugusu.

Leo nina swali lililoletwa kwa mkono, limeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Mama aliyeliandika ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kambini, wa hii kazi ya motisha. Mtoto wake wa kwanza ana miezi miwili na nusu, na baada ya wiki mbili anatakiwa arudi darasani. Mtoto atabaki na bibi yake. Sasa dada yake aliyehamia Marekani amempigia simu: anataka kumtumia pampu ya kukamulia maziwa, ila ziko za kila aina, achague mwenyewe. Mama anauliza aombe ipi, na vile vikorokoro vinavyouzwa pamoja nayo avikubali vyote? Chini kabisa ameongeza mstari mmoja: mama mkwe anasema mtoto aanzishwe uji, maneno yaishe.

Nianze na huo mstari wa chini, maana ndiyo sababu ya mengine yote. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, bila uji na bila hata maji. Maji yetu tunayajua: yametoka bombani yakiwa mazuri, yakaingia kwenye dumu, yakachotwa na kikombe ambacho kila mtu amekishika. Mtoto wa miezi miwili akiharisha, anakauka haraka sana. Kwa hiyo mama mkwe wangu, shikamoo, uji utapikwa, lakini bado miezi mitatu na nusu.

Pampu ya kwanza unayo tayari mama, nayo ni mkono wako. Usicheke. Mkono hauhitaji umeme wala spea, na kuuosha ni kwa sabuni tu. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Sukuma taratibu kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Bana, achia. Usiburuze vidole kwenye ngozi, na usivute chuchu. Maziwa yakipungua, zungusha vidole upande mwingine, kisha hamia titi la pili na urudi tena la kwanza. Kwa mtu anayejifunza, kazi yote inachukua dakika 20 hadi 30. Siku za kwanza yatatoka matone, usikate tamaa. Muuguzi wa kliniki atakuonyesha, na mimi ningeanza leo, nisingengoja mzigo wa Marekani.

Haya, pampu yenyewe. Kuna ile ya zamani yenye mpira wa kubinya, kama honi ya baiskeli. Hiyo ikataeni kabisa hata ikiletwa bure. Maziwa huingia ndani ya ule mpira, na huwezi kuusafisha.

Kuna ya umeme. Inakamua vizuri, hasa kwa mama ambaye mtoto amezaliwa njiti na hawezi kunyonya kabisa. Lakini Marekani umeme wao ni volti 120, wa Tanzania ni 230, na plagi hazifanani. Kabla dada hajalipa, asome maandishi kwenye chaja: yakisema 100 hadi 240, haitaungua huku. Ziko pia za betri zinazochajiwa kwa waya kama wa simu, na hizo sola ndogo ya nyumbani inaweza kuzichaji. Swali ni hili tu: wewe kweli una sola? Kama simu yako inachajiwa sokoni kwa kulipia, na pampu utaipeleka huko?

Kwa hiyo kwa mwalimu wetu nasema ombeni ya mkono, yenye mpini wa kubana. Iwe na vipande vichache, na vyote vifunguke. Kuna nyingine ni kipande kimoja tu cha silikoni, unakibana, unakipachika kwenye titi, kinavuta chenyewe. Kuiosha ni rahisi kuliko zote. Ila hiyo inakusanya yanayochuruzika tu, haikamui titi mpaka liwe laini, basi isiwe ndiyo tegemeo lako.

Na iwe mpya. Najua sisi ni watu wa mitumba, hata mimi nguo niliyovaa ni ya mtumba, lakini pampu ya nyumbani ni ya mama mmoja. Nyingine huruhusu maziwa kupenya hadi kwenye mota, mahali ambapo maji ya moto hayafiki. Msiazimane hata mtu na shoga yake.

Tuje kwenye vikorokoro. La muhimu ni ile faneli inayokaa kwenye titi. Mara nyingi imeandikwa namba, kama 21, 24 au 28: hizo ni milimita. Chuchu iingie katikati bila kusugua pembeni, na sehemu nyeusi isivutwe yote ndani. Ikiuma, tatizo si wewe, ni saizi. Dada atume saizi mbili. Atume pia spea za kile kipande laini cha mpira kinachofunguka na kufunga maziwa yanapopita, maana hicho ndicho hupasuka kwanza, na sokoni kwetu hutakipata.

Chupa na chuchu za plastiki, mwambie aache. Mashine ya kupasha maziwa aache, na mifuko ya friza pia, friza gani? Vile vitambaa vya kuzuia maziwa yasilowe kwenye blauzi utakata mwenyewe kutoka khanga laini iliyochakaa. Hela iliyobaki inunue vikombe viwili vya chuma vyenye mifuniko, na hivyo hata hapa vipo.

Kuosha, mwalimu, hapo usinidanganye. Kila ukimaliza, fungua vipande vyote vilivyogusa maziwa, suuza kwa maji safi, osha kwa maji ya moto na sabuni kwenye beseni lake, si lile la vyombo vya ugali. Mara moja kwa siku vichemshe dakika 5. Kuni ni shida, najua. Chemsha pamoja na vikombe, sufuria moja, moto mmoja wa asubuhi. Siku ambayo kuni hazipo, iache pampu, tumia mkono.

Asubuhi mnyonyeshe mtoto ashibe, ndipo ukamue. Maziwa yafunikwe, yakae kivulini kwenye bakuli la maji ya baridi. Kwenye ubaridi wa nyuzi 25 hukaa saa 4. Nyumba ikipata joto la mchana, yapewe mapema zaidi. Yakijitenga, mafuta yakapanda juu, hayajaharibika, yatikise polepole. Bibi amkalishe mtoto wima mapajani, aguse mdomo wa chini kwa kikombe, mtoto alambe mwenyewe. Asimmiminie. Yakibaki kwenye kikombe alichonywea, yasiwekwe akiba.

Shuleni kamua kila baada ya saa 3 hivi, hata kama ni ya kumwaga, ili titi lisizoee kulala. Omba chumba kwa mwalimu mkuu kabla hujarudi, usingoje siku ya kwanza. Wala usiambiwe kwamba maziwa yamechacha kifuani kwa sababu ulitembea juani. Ndani ya titi hayachachi. Ukifika nyumbani, mpe mtoto titi moja kwa moja.

Titi likiwa jekundu, gumu, na mwili ukapata homa, endelea kunyonyesha na uende kliniki siku hiyohiyo.

Mwalimu, karatasi yako nimeihifadhi. Mwenye swali lingine alilete kwa mkono, au ampe mhudumu wa afya wa zoni yake.

(Muziki.)