Milango ya Chuo Kikuu na Kina Chake

Hotuba ya walimu wa jamii ya Wabajuni, iliyosomwa Kakuma katika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni

 

Sisi walimu tumeombwa tuseme juu ya elimu ya juu. Tumeona tusirudie yale ya kila mwaka, kwamba elimu ni taa na elimu ni ufunguo. Hayo mmekwisha kuyasikia. Leo twataka kusema juu ya jambo moja tu: kwa nini masomo mengine ya chuo kikuu ni magumu kuyaingia kuliko mengine, na ni wakati gani hasa mtoto huikosa nafasi.

Wazee wetu waliotoka Fuma, Koyama, Chovai na Chula wanajua maana ya mlango baharini. Ni ile njia baina ya miamba. Kila mlango una kina chake na upana wake. Nahodha huujua mlango kabla hajatweka tanga, hangojei mpaka chombo kigonge mwamba. Vyuo vikuu navyo vina milango, na watoto wetu wengi wanatweka bila ya kuuliza kina.

Zamani huko kwetu ilikuwa hivi. Mtoto wa visiwani aliyetaka kuendelea na masomo ilimlazimu kuvuka bahari kwenda Kismayo, na kuanzia 1972, Kisomali kilipoandikwa kwa herufi za Kilatini, akasoma kwa Kisomali ilhali nyumbani asema Kibajuni. Akifika Chuo Kikuu cha Taifa kule Mogadishu, akakuta udaktari wafundishwa kwa Kiitaliano, na ualimu pale Lafoole wafundishwa kwa Kiingereza. Lugha ilikuwa mlango juu ya mlango. Vita vya 1991 vikafunga vyote. Wazee wetu wakaja Mombasa kwa mashua, wakakaa katika kambi za pwani kama ile ya Jomvu. Kambi hizo zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wengine walirejea visiwani na wengine wakaletwa huku Kakuma. Basi watoto wetu wakawa watahiniwa wa Kenya.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe.

Katika mtihani wa KCSE kila daraja lina pointi zake: A ni 12, B ni 9, C+ ni 7. Ili uingie digrii wahitaji wastani wa C+. Wazazi wengi wakisikia mtoto kapata C+ wanashangilia, na ni haki yao. Lakini C+ hukufikisha ufukweni tu. Kila digrii hutazama kundi la masomo manne yanayohusika nayo, na alama za kundi huhesabiwa mpaka 48. Udaktari katika vyuo vikuu vikubwa vya Serikali hutaka zaidi ya 40 katika hizo 48. Ualimu wa masomo ya sanaa katika vyuo vingi huwa chini sana ya hapo.

Kwa nini? Watu hudhani ni kwa sababu udaktari ni kazi ya watu wenye akili na ualimu ni kazi ya waliobaki. Sivyo. Darasa la ualimu lahitaji ukumbi, vitabu na shule za kufanyia mazoezi, na vyuo vingi vinalo. Darasa la udaktari lahitaji hospitali yenye wagonjwa, maabara, na madaktari bingwa wa kusimamia kila mwanafunzi kwa miaka sita. Viti ni vichache na waombaji ni wengi, kwa hiyo alama hupanda. Alama ya kuingilia yaonyesha msongamano mlangoni. Haionyeshi thamani ya kazi iliyomo ndani.

Na milango iliyo mipana nayo ina kufuli. Ualimu wa sekondari hutaka C+ katika masomo mawili utakayoyafundisha. Mwenye wastani wa C+ aliyepata C katika mojawapo hapiti. Sheria hutaka angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Hapo twawaambia wanetu: msikidharau Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya nyumbani. Kibajuni ni chetu na tukitunze, lakini karatasi ya mtihani hutaka Kiswahili sanifu, na B hiyo yaweza kukufungulia mlango wa sheria.

Uhandisi hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia. Asiyefanya Fizikia hana la kuomba, hata akipata A katika yote mengine. Uuguzi na udaktari hapa Kenya humruhusu mtu kuleta Hisabati badala ya Fizikia, mradi ana Biolojia na Kemia. Lakini kwa jamaa zetu wa Tanzania, udaktari hutaka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu katika kidato cha sita. Mlango ni mmoja kwa jina, na kina chake chabadilika kwa nchi.

Hapa ndipo tunapotaka kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulikuwa na msichana wa jamii yetu, hodari wa hesabu. Alipomaliza kidato cha pili na wakati wa kuchagua masomo ukafika, sisi walimu tulimshauri aache Fizikia. Mwalimu wa somo hilo alikuwa mmoja, darasa limefurika, vifaa hakuna, nasi tukaogopa atashusha wastani. Alifuata shauri letu. Akapata wastani wa B, kambi nzima ikapiga vigelegele. Kisha akatuambia anataka uhandisi wa umeme. Tulipoifungua orodha ya masharti, tulinyamaza. Mlango wake ulikuwa umefungwa tangu siku ile ya kidato cha pili, na waliomfungia ni sisi. Leo anafundisha hesabu shule ya msingi, na anafundisha vizuri. Hakutulaumu. Sisi tunajilaumu.

Kwa mkimbizi kosa kama hili ni zito zaidi. Nafasi za kudhaminiwa na Serikali ni za raia wa Kenya. Sisi twategemea ufadhili kama ule wa DAFI, ulioanzishwa 1992 kwa fedha za Ujerumani, au ule wa WUSC unaopeleka wanafunzi Kanada. Huko nako wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo mtoto wetu hupita milango miwili: wa chuo na wa mfadhili. Akikosa mmoja, mwingine haumfai.

Na sasa uchaguzi unakuja mapema zaidi. Katika mtaala mpya mwanafunzi huchagua mkondo anapomaliza Gredi ya 9, kabla ya kuingia shule ya upili ya juu. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Huyo ni mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Hawezi kuchagua peke yake.

Basi tunaomba haya. Wazazi, muulizeni mtoto anachagua masomo gani kabla hamjamwuliza amepata alama gani. Wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru kwa madawati na vitabu, lakini tupeni walimu wa Fizikia na maabara hata moja inayofanya kazi, kwani bila hivyo tutaendelea kuwashauri watoto kwa woga. Wanafunzi, mkichagua ualimu, uchagueni kwa kuutaka, wala asiwadanganye mtu kwamba mlango mpana waingia kwenye nyumba duni.

Nasi walimu twaahidi mbele yenu: kuanzia muhula ujao tutakaa na kila mwanafunzi na mzazi wake, orodha ya masharti ikiwa mezani, kabla somo lolote halijaachwa.