Dawa ya Chupa na Gasketi Iliyoungua

Iko chupa moja ndogo iuzwayo katika maduka ya vipuri. Juu yake huandikwa ya kuwa mtu akiimimina dawa iliyomo katika rejeta ya motokaa yake, gasketi ya silinda hedi iliyoungua itazibika, wala hapana haja ya kufungua hata bolti moja. Bei ya chupa ni ndogo. Kazi ya fundi hula siku na fedha nyingi. Si ajabu basi kwamba mtu ambaye motokaa yake ndiyo imlishayo huitazama chupa ile kwa matumaini. Je, yaliyoandikwa ni kweli?

Yafaa kwanza tujue gasketi ni kitu gani. Chini ya injini pana bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu yake pana silinda hedi, mfano wa kifuniko cha sufuria. Kati ya hivyo viwili hulazwa gasketi, nayo ni bamba jembamba lenye matundu. Kazi yake ni kutenga vitu vitatu visivyopatana, yaani moto, maji na oili. Moto wa ndani ya silinda huweza kupita digrii 2,000 za sentigredi, na injini ya petroli ikivuta kwa nguvu zake zote, msukumo wa moto huo huweza kuzidi mara 50 ule wa hewa ituzungukayo. Maji ya rejeta hayana msukumo wa kulinganishwa na huo hata kidogo.

Madereva wa zamani waliweza kuziba rejeta ivujayo kwa ute wa yai au pilipili manga ya unga, na wengi walifika waendako. Lakini tundu la rejeta lina adui mmoja tu, maji. Gasketi ina moto.

Dawa nyingi za leo zimetengenezwa kwa silikati ya sodiamu, kitu ambacho watu wa Ulaya walikitumia kuhifadhia mayai kabla ya majokofu kuenea. Huyeyuka katika maji, ikazunguka nayo, na ikifika kwenye ufa utokao hewa ya moto, joto huikausha ikawa ngumu kama kioo. Basi tusiwaite wauzaji waongo. Ufa ukiwa mwembamba, nao uko kati ya moto na maji, dawa huweza kuuziba, na motokaa ikaendelea kwa miezi, pengine zaidi.

Walakini gasketi haiungui mahali pamoja tu. Ikiungua kati ya silinda na silinda, maji hayapiti pale, dawa itafikaje? Tena iko hatari kubwa kuliko hiyo, nayo ni maji kuingia katika oili. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwalipa watu ili waache motokaa zao kuukuu wanunue mpya. Ili injini zile zisitumike tena, wauzaji waliamriwa kumwaga oili, kutia silikati ya sodiamu mahali pake, kisha kuwasha injini mpaka ikwame. Kitu kile kile! Mwenye motokaa ambayo oili yake imekuwa kama chai ya maziwa, naye akamimina dawa katika rejeta, ajue huenda inafika wapi.

Tena yapasa kuuliza gasketi iliungua kwa nini. Aghalabu injini ilichemka kwanza: feni haikuzunguka, au maji yalipungua, na dereva akaendelea kupanda mlima kama ule wa Kitonga njia ya Iringa, akisema atasimama kileleni. Hedi ya aluminiamu ikipata joto la namna hiyo hupinda. Fundi huilaza rula ya chuma juu yake na kupima mwanya. Katika injini nyingi milimeta 0.1 tu ni nyingi mno. Hapana dawa ya chupa iwezayo kunyosha chuma.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, chunguza. Injini ikiwa baridi kabisa (kamwe usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, maana maji yatakurukia usoni), fungua, uwashe, utazame kama mapovu yatoka mfululizo. Vuta kijiti cha oili utazame rangi. Tazama moshi: je, ni mweupe, nao hauishi hata injini ikipata moto?

Shauri letu ni hili. Motokaa ambayo thamani yake yote haifikii gharama za fundi, nayo yapoteza maji kidogo kidogo na oili ni safi, haidhuru ijaribiwe dawa. Mwenyewe ahesabu kwamba amenunua muda. Asome maagizo, kwani baadhi ya dawa hizi hazipatani na maji ya rangi ya rejeta, na hutaka mfumo usafishwe kwanza kwa maji matupu. Asizidishe kipimo, maana mifereji ya rejeta ni myembamba nayo huzibika vile vile. Lakini motokaa ichukuayo abiria, au iliyochanganya maji na oili, ipelekwe kwa fundi. Na mwenyewe asimame pale mpaka aione rula imelazwa juu ya hedi, kabla gasketi mpya haijatolewa katika karatasi yake.