Sitara na Maradhi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, Darsait, Maskati)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuonana tena, kisha tuwashukuru wenyeji wetu wa hapa Darsait kwa ukarimu wao. Kamati imenitaka niseme machache juu ya afya. Sukari na presha tumezizungumza miaka mingi, na hakuna anayeona haya kuzitaja. Kwa hiyo nimechagua maradhi ambayo bado tunayanong'ona. Nayo ni sonona, yaani huzuni inayomkaa mtu wiki baada ya wiki, ikamnyima usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya hata jambo dogo, wala yeye hawezi kuiondoa kwa kutaka kwake.

Mfano wangu wa kwanza uko mbali na kwetu. Mwaka 1998 Waziri Mkuu wa Norway alikuwa Bwana Kjell Magne Bondevik, ambaye pia ni kasisi wa Kilutheri. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo alizidiwa, akashindwa kufanya kazi. Ingekuwa rahisi kutangaza kwamba ana homa, kama ilivyo desturi ya wakubwa pengi duniani. Yeye aliridhia itangazwe kweli yenyewe: kwamba kazi imemwelemea, amepatwa na sonona, na anachukua ruhusa ya ugonjwa. Waziri mwenzake, Bibi Anne Enger Lahnstein, alikaimu nafasi yake. Bwana Bondevik akatibiwa, akapumzika, na baada ya kiasi cha wiki tatu na nusu akarejea ofisini.

Nchi haikuporomoka, wala watu hawakumcheka. Wengi walimwandikia barua za kumpa moyo. Serikali yake ilianguka Machi 2000, lakini kwa mabishano juu ya mitambo ya umeme wa gesi, si kwa maradhi yake. Mwaka 2001 alirudi tena kuwa Waziri Mkuu, akakaa hadi 2005. Na mwaka 2006 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana Kofi Annan, alimteua kuwa mjumbe wake maalumu wa misaada ya kibinadamu katika Pembe ya Afrika wakati wa ukame. Mtu aliyekiri hadharani kuwa aliugua moyo ndiye aliyeaminiwa kushughulikia njaa ya mamilioni ya watu.

Lakini mambo hayaendi hivyo kila mahali. Mwaka 1972 nchini Marekani, Seneta Thomas Eagleton wa Missouri aliteuliwa kugombea umakamu wa rais pamoja na George McGovern. Ikafichuka kwamba katika miaka ya 1960 alilazwa hospitali mara tatu kwa sonona, na kwamba alitibiwa kwa mishtuko ya umeme. Siku 18 baada ya kuteuliwa, akaondoka katika ugombea. Hata hivyo, watu wa Missouri waliomjua kwa kazi zake walimchagua tena useneta mwaka 1974 na mwaka 1980.

Nimeiweka mifano hii miwili pamoja kwa makusudi. Maradhi yalikuwa mamoja. Tofauti kubwa ilikuwa kwa wale waliopokea habari. Nasi hapa sote ni wapokeaji wa habari. Kabla ya kumtaka mgonjwa awe na ushujaa wa kusema, tujiulize sisi tutayapokeaje maneno yake.

Tuseme kweli, ndugu zangu. Katika ukoo wetu haya yanafichwa kwa sababu ya posa. Tunaogopa watu wakija kuuliza habari za binti au kijana wetu, wataambiwa kuwa kwao kuna wazimu. Basi mgonjwa tunamwita mkimya, au mwenye kisirani, au tunasema ameingiwa na jicho. Wako wazee wetu waliopoteza nyumba, jamaa na mji wao mwaka 1964, wakaja kuanza maisha upya huku, wakaishi na uzito huo vifuani hadi mwisho wa umri wao. Tuliwasifu kwa subira yao, na walistahili sifa hiyo. Lakini nani aliwauliza usiku wanalalaje?

Sitara ni jambo tukufu. Tumefunzwa kumsitiri mwenzetu aliyeteleza, lakini aliyeugua hakuteleza. Tukiyasitiri maradhi kama tunavyoisitiri aibu, tunamwambia mgonjwa kuwa ametenda kosa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Wengine husema kwamba huzuni ya namna hii ni upungufu wa imani. Nawakumbusha Nabii Yaaqub, aliyemlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakapofuka. Nani atathubutu kusema kuwa imani yake ilipungua? Tuombe dua na tusome Qur'ani, na papo hapo twende kwa tabibu, kwani kutafuta dawa ni katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.).

Nina maombi matatu kwa jamaa. Kwanza, tusitosheke na "sijambo" ya kwenye simu. Kwa adabu yetu hata mgonjwa mahututi hujibu sijambo. Tuulize mara ya pili, kisha tunyamaze tusikilize.

Pili, mwenzetu akisema moyo wake umeelemewa, tumpatie wa kumkaimu, kama Waziri Mkuu yule alivyokaimiwa. Mmoja achukue watoto, mwingine asimamie duka, wa tatu afuatane naye hospitali. Hapa Maskati ipo Hospitali ya Al Masarra, Unguja ipo Kidongo Chekundu, Nairobi ipo Mathari, na walioko Uingereza waanze kwa daktari wao wa mtaa. Akipewa dawa, ajue kuwa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, wala asiikatize bila shauri la daktari. Na akitamka kuwa hataki kuishi, asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari siku ile ile.

Tatu, na hili nawaelekea wazee wetu wanaosimamia posa: mtu aliyeugua akatibiwa, asihesabiwe kuwa na kasoro. Tunamwoza mwenye sukari anayetunza afya yake, basi tumpe huyu naye haki hiyo hiyo. Neno moja la mzee barazani litawafungulia vijana wetu mlango ambao hotuba kumi kama hii haziwezi kuufungua.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wale tunaowajua na wale wanaotujibu kuwa hawajambo. Awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena kwa kheri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.